Onyo la Njano

"Hivi jirani, hiyo kompyuta yako ikilia hivyo, huwa mnaiuliza inataka nini?" Mama Pacha aliniuliza siku moja, amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni. Nilicheka tu. Kumbe swali lake lilikuwa na maana kuliko kicheko changu.

Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yetu. Kuna meza ya kukatia vitambaa, mashine ya kudarizi, na kompyuta inayoipa mashine michoro. Tangu baba wa watoto alipotutangulia mbele ya haki, mashine hiyo ndiyo inayotulisha, kwa rehema za Mungu. Kila jioni binti yangu akirudi shuleni huvua sare, hunawa mikono, kisha hukaa kwenye kompyuta kupanga michoro huku mimi nikibadilisha nyuzi. Ana miaka kumi na miwili. Tulimpachika jina Chapuchapu, maana hata chai ya moto huinywa kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya nembo za sare za shule moja, zenye kichwa cha simba. Zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya waziwazi: zikichelewa, kazi yote ya shule ile itakwenda kwa mwingine.

Ijumaa jioni antivairasi, yaani ile programu inayoilinda kompyuta, ikalia. Kisanduku cha njano kikatokea kwenye skrini. Kabla sijavaa miwani, Chapuchapu alikuwa ameshabonyeza.

"Imesemaje?" nikamuuliza.

"Kuna programu inayomwezesha mtu kuendesha kompyuta yetu akiwa mbali. Mwizi huyo, mama! Nimeiondoa."

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Mwisho wa nini tena? Onyo ni onyo."

Nikarudi kwenye nyuzi zangu. Mimi shule yangu iliishia msingi, nikadhani mwenzangu anajua.

Kesho yake asubuhi mashine ikaanza vituko. Sindano ilishona kando ya mstari, na simba wa kwanza akatoka na jicho shavuni.

"Mama, huyu kapigwa ngumi," Chapuchapu akasema. Tukacheka kidogo, lakini simba wa pili alipotoka hana pua, kicheko kikakauka. Moyoni nikasema, ee Mola, usituache. Nikampigia simu fundi wa mashine, nikaweka spika ili sote tusikie.

"Dada, mimi niko safarini, namuuguza mama," akasema fundi. "Lakini usihofu. Washeni kompyuta, nitaingia kwa ile programu niliyowawekea mbele yako, ile inayowaomba ruhusa kwanza, nirekebishe mipangilio ya mashine iliyovurugika kutoka hukuhuku."

Chapuchapu akainamisha kichwa. "Mjomba, ile ya kuendesha kompyuta kutoka mbali?"

"Hiyohiyo."

"Nilidhani ni mwizi. Nimeiondoa."

Fundi akaangua kicheko. "Kwa hiyo mwizi ndiye mimi! Sikiliza, mwanangu. Antivairasi haikuifuta, imeifungia pembeni tu, kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje. Fungua penye vitu vilivyofungiwa, usome onyo lote. Polepole, mama yako asikie."

Safari hii Chapuchapu aliweka kidole kwenye skrini, akasoma neno kwa neno: "Chombo hiki si virusi. Kinaweza kukufaa, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kukitumia kukudhuru. Kiruhusu ikiwa tu unajua nani alikiweka na kwa kazi gani."

"Haya, nani alikiweka?" fundi akauliza.

"Wewe, mama akiwepo."

"Kwa kazi gani?"

"Kutengeneza mashine ukiwa mbali."

"Na nikitaka kuingia?"

"Inatuuliza kwanza. Tusipokubali, huingii."

"Basi ruhusu hicho kimoja tu. Antivairasi yenyewe usiizime."

Akaruhusu. Programu ikatuuliza, tukakubali, na punde mshale wa kipanya ukaanza kutembea wenyewe kwenye skrini, na mimi nikatoa macho kama niliyeona jini. Haukupita muda, mashine ikashona simba mwenye macho mawili mahali pake. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru fundi, nikamwombea mama yake afya.

Mchana, nembo zikiwa zinatoka moja baada ya nyingine, akaja mdogo wake Mama Pacha. Mtaani wanamwita Mtaalamu, kwa kuwa anauza programu za kompyuta kibandani.

"Shikamoo dada. Nasikia mashine imegoma."

"Marahaba. Tumeshapona, mdogo wangu, ahsante."

Chapuchapu akamsimulia mkasa wote kwa furaha. Mtaalamu akatabasamu, akachomeka flashi yake bila kukaribishwa. "Basi nawaachia zawadi. Programu ya kufungua michoro ya kulipia, bure kabisa."

Kisanduku cha njano kikatokea tena.

"Bonyeza ruhusu, mtoto. Au zima kabisa hiyo antivairasi, kazi yake kelele tu."

Chapuchapu akaondoa mkono kwenye kipanya, akasoma kwa sauti: "Chombo hiki hurekodi kila kitufe kinachobonyezwa."

"Ya fundi nayo si ilikuwa njano?" Mtaalamu akasema. "Mkairuhusu. Mimi ndugu wa jirani yenu ndiyo mnanichunguza?"

"Ya fundi tuliijua kazi yake, mjomba. Hii yako ni ya michoro. Sasa inataka kujua tunachoandika ili iweje? Hata neno la siri la mama?"

"Aa, hayo mambo ya kitaalamu."

Nikaweka mkasi chini. "Mwanangu, kisu hukata kitunguu na hukata kidole. Antivairasi haijui nia ya mtu, inatuambia tu kwamba mezani kuna kisu. Ukikitupa bila kuangalia, umekula hasara. Ukikishika bila kuangalia, utatoka damu. Akili ya kuuliza Mungu ametupa sisi, na leo namshukuru kwamba umeitumia."

Kisha nikamgeukia mgeni, nikamsogezea kiti. "Mdogo wangu, sikutuhumu. Huenda hata wewe hujui kilichomo. Keti utueleze: hivyo vitufe vinarekodiwa kwa ajili ya nani?"

Mtaalamu akaitazama skrini. Akamtazama Chapuchapu, ambaye alikuwa akisubiri jibu kwa adabu, mikono magotini. Akachomoa flashi yake, akaitia mfukoni, akatoka kurudi kibandani kwake.