Kipande Kisichokaa

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi wa samani za kale, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Mama mkwe wake alimletea kisanduku cha kuwekea kalamu na karatasi kilichotengenezwa na babu wa ukoo, kifuniko chake kimepambwa kwa vipande vya mfupa. Kipande kimoja kilikuwa kimepotea.

“Ukishindwa na kidude hiki, mkwe wangu, vitu vya ukoo nitawapelekea mafundi wa kweli.”

Rafiki yangu alichonga kipande kipya, akakigandisha, akakibana. Kila akifungua kibano, kipande kinadondoka. Alibadili gundi, akachonga upya, akajikata kidole.

“Una nini wewe?” akakifokea kisanduku.

Mama mkwe, aliyekuwa akisubiri barazani, akacheka. “Kisemeshe kwa adabu, kimekuzidi umri!”

Safari hii alifunga madirisha ili upepo usiikaushe gundi mapema, chumba kikawa giza tupu. Akasubiri, ameuma meno. Alipofungua kibano, kipande kilitulia. Akakigonga kwa ukucha, kama mafundi wafanyavyo kusikiliza iwapo gundi imeshika. Sauti ilikuwa nzito, imejaa. Akashusha pumzi, akaenda kufungua dirisha.

Nyuma yake ukucha ukagonga tena. Uligonga kutoka ndani ya kisanduku, taratibu, kipande baada ya kipande, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Ulipofika chini ya kile kipya, ukanyamaza.

Kisha ukaanza kukwaruza.