Mtu Mweupe Kando ya Abigaël

Kila siku akitoka shule, Pélagie alivua sare, akala bukari, ugali wake wa muhogo, kisha akaketi barazani kupangusa kamera ya mama yake. Mama Christiane alikuwa mpiga picha za harusi, na mtaa mzima wa Kataki ulimjua. Kamera ilikuwa nzima, ila lenzi yake ilikuwa na mdomo mdogo, haikuingiza mwanga wa kutosha. Ndani ya kanisa lenye giza, sura za maharusi hazikuonekana.

Lenzi mpya haikushikika kwa bei. Zilizotumika zilivuka ziwa kutoka Kigoma, na Papa Urbain aliziuza sokoni. Mama alikwisha kumfundisha Pélagie namna ya kuchagua. Mikwaruzo ya nje isimtishe, alimwambia. Aangalie upana wa mdomo. Kisha awashe tochi ya simu, amulike kwa nyuma na kuchungulia ndani. Akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, aiache hapo hapo. Hiyo ni kuvu, imeota ndani ya kioo kwa unyevu, na hata usugue mpaka kesho haitoki.

Jumatano Mama alikuwa na kazi Katanika, akamtuma binti yake sokoni. Papa Urbain alimtolea lenzi mbili za bei moja. Moja ilikuwa imebanduka rangi, inatia huruma. Ya pili iling'aa, nyeusi tii. Pélagie alitoa simu amulike, kumbe imezima! Chaji yote alikuwa ameimaliza kwa muziki njiani. Angeomba tochi kwa Papa Urbain, nani angemkataza? Lakini aliona aibu, akachukua ile nzuri, akaenda zake.

"Uliimulika?" Mama alimwuliza jioni.

"Ndiyo, Mama."

Basi Alhamisi ikawa siku ya mahari ya Abigaël, binti wa jirani yao Mama Bertille. Abigaël alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha, amefunikwa kitambaa, akingoja wakwe wamfunue. Wakwe walimfunua, vigelegele vikapasua bati, na Mama Christiane akapiga picha bila kupumzika. Kabla jua halijazama alikuwa amezituma kwenye simu za familia.

Vigelegele vilikoma hapo. Katika kila picha iliyoelekea dirishani alionekana mtu mmoja zaidi. Alikuwa mweupe, mrefu kama msichana, hana uso, ameinamisha kichwa upande wa Abigaël. Katika picha moja alikuwa kama ananyoosha mkono amguse bega.

Watu wa nyumba ile hawakuulizana ni nani. Abigaël alikuwa na dada mkubwa, Joëlle, aliyezama ziwani miaka miwili iliyopita chombo kilipopinduka. Mwili wake haukupatikana. Walimlilia bila kaburi.

"Njo yeye, ni Joëlle," Mama Bertille alisema, ameikumbatia simu kifuani. "Hataki mdogo wake amtangulie kuolewa."

Ijumaa asubuhi alitangaza kwamba harusi ya kesho haipo tena. Wazee wa upande wa Toussaint, bwana harusi, nao walisema hawawezi kuchukua mke kutoka kwenye nyumba ambayo marehemu bado anaidai. Mama Christiane alimwita binti yake pembeni, akamwuliza tena kama kweli aliimulika ile lenzi. Pélagie alijibu tena kwamba ndiyo. Mama akashusha pumzi, akasema kama ni hivyo, hata yeye anaogopa.

Mchana walikwenda kuwapa pole, Pélagie amebeba begi la kamera. Ndani kulikuwa kimya, na watoto wote walikuwa wamekimbilia nje. Kando ya dirisha paliwekwa kigoda kitupu, na mbele yake sahani ya bukari na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, bado inatoa mvuke. Mama Bertille alikuwa amepiga magoti hapo.

"Kula, mwanangu," alinong'ona. "Kula, umetoka mbali."

Pazia lilivimba, likagusa kigoda, kisha likatulia. Nywele zilimsimama Pélagie. Kwenye kona, Abigaël alikuwa ameikunja gauni ya harusi magotini, analia bila sauti.

Pélagie alitoka na begi lile mpaka nyuma ya jiko. Aliichomoa lenzi, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Ndani ya kioo, upande mmoja, palikuwa pameota nyuzi nyeupe nyembamba, zimesokotana kama nywele. Woga wa marehemu ulimtoka palepale, na woga mwingine ukaingia, mbaya kuliko ule wa kwanza. Angeweza kuitupa lenzi mtoni Lukuga na kunyamaza, asijue mtu. Lakini Abigaël je? Alirudi ndani, akapiga magoti mbele ya watu wote, akasema kila kitu.

Hawakumwamini. Walisema mtoto ana hofu. Mama yake alikaza midomo, akaipachika lenzi, akapiga picha ya kile kigoda. Mtu mweupe alikuwa hapo hapo.

"Mnaona? Amekuja kula," alisema Mama Bertille.

Pélagie aliomba watoke nje. Mama yake alielekeza kamera kwenye mwanga, akapiga picha ya sufuria. Mtu mweupe alisimama kando ya sufuria. Akampiga picha kuku wa jirani; alikuwa kando ya kuku. Mwishowe aliigeuza kamera juu chini, na kwenye picha ile mtu mweupe alining'inia kichwa chini, miguu juu. Wazee wa pande zote mbili walitazamana: kumbe alikuwa akiifuata lenzi, si Abigaël. Mmoja wao alikohoa, akasema harusi iendelee.

Jumamosi Abigaël aliolewa. Mama Christiane aliwapiga picha kwa lenzi yake ya zamani, nje mlangoni pa kanisa, kwenye jua. Pélagie alidhani yamekwisha, mpaka Mama Bertille alipomshika mkono na kumvuta kando. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza mtoto zaidi.

"Pélagie, ulifanya vizuri kusema kweli, umeokoa ndoa hii," alisema. "Lakini sikia. Tangu juzi jioni nilikuwa na binti wawili ndani ya nyumba. Nilipika kwa ajili ya wawili. Ile 'ndiyo' yako ndogo ilinirudishia Joëlle, kisha jana nikampoteza tena. Kuona aibu sokoni ni kitu cha dakika moja, mama. Usiseme tena ndiyo kwa jambo ambalo hujaliangalia."

Pélagie alilia, akasema amesikia. Mama Bertille alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, kisha wakarudi pamoja kwa watu.