Mgongo wa Nshobole

Ilianza na harufu ya maziwa ya mama. Nyumba ya Nshobole pale Mabanga haikuwa na mtoto wala mgeni mwenye mtoto. Alikuwamo yeye, bwana yake Paulin, na mashine ya kushonea. Lakini kila saa sita mchana, akiwa kwenye kazi yake, harufu ile ya maziwa yaliyochachia kwenye nguo ya mtoto ilimwingia puani, na akigeuka hakuona mtu.

Miezi mitano walikuwa wanatafuta mimba. Miezi mitano si kitu, muuguzi alimwambia hivyo, hata mwaka haujafika, mama tulia. Sasa nenda ukawaeleze hivyo mashangazi wa bwana yake, ambao walishaanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Mtu mmoja tu hakumchosha: mama mkwe wake, Mukamugema, aliyekaa Munigi. Kila damu ilipokuja, Nshobole alimpigia simu yeye kwanza, akalia, na yule mama akalia pamoja naye. Alimpenda, jamani. Alimpenda kama aliyemzaa.

Tena siku ya pili ya ndoa Mukamugema alikuwa amemletea ingobyi, ile ngozi ya kondoo ambayo watu wa Masisi humbebea mtoto mgongoni. "Itundike juu ya kitanda," alimwambia. "Itaita mutoto." Nshobole ni binti wa upande wa Bukavu, na kwao alibebwa kwa kitenge. Angejua wapi? Aliona ni heshima, akaitundika.

Mwezi wa tatu mgongo ulianza kumlemea. Akadhani ni kuinamia mashine. Kisha mchana mmoja wa mwezi wa tano, jua likiwa kali juu ya mabati, alisikia kisauti cha mdomo mdogo unaovuta titi kikitoka chumbani, akaisimamisha mashine asikilize, nacho kikanyamaza, akakanyaga tena, kikaanza tena, safari hii mlangoni, safari hii nyuma ya kiti chake, mpaka akahisi pumzi ya moto shingoni na vidole vidogo vikimshika nywele kama mtoto anayetaka kukaa vizuri, na alipotazama chini akaona kamba mbili za ile ingobyi zimefungwa kifuani pake na fundo limekazwa. Damu ikaja jioni ile ile.

"Paulin," Nshobole alimnong'oneza bwana yake alipoingia, "kuna mutu kwa mugongo yangu."

Paulin alizitazama kamba, hakumtazama yeye. "Umechoka tu," alisema. "Usiambie mutu."

Mtu asiyejua kitu angeuliza. Paulin hakuuliza.

Nshobole alilifungua fundo usiku ule, na kesho yake aliifunga ile ngozi ndani ya gunia, akaipeleka Katoyi kwa Mama Emerance, mzee wa Masisi anayejulikana kwa kutoa mapepo. Emerance alilifungua gunia, akarudisha mkono haraka.

"Nani alikupa hii?"

"Mama mukwe. Siku ya pili ya ndoa."

Emerance akashusha sauti. "Binti yangu, kwetu ingobyi inaletwa mutoto akishazaliwa. Hatuitundike tupu. Na hii haiko mupya, angalia hapa, ni mafuta ya kichwa. Kuna mutoto alikufia ndani. Sasa anakaa kwako, na hataki mwengine apande."

Walikwenda Munigi watatu, Emerance mbele, Paulin nyuma akijikokota. Mukamugema alipoliona gunia hakukana.

"Ni Munezero wangu," alisema. "Kaka ya Paulin. Miaka makumi tatu analia kwa mugongo yangu. Nimezeeka, binti yangu. Wewe uko na nguvu."

"Mama, kila mwezi nilikuwa nakulilia."

"Najua," alisema yule mama kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Nshobole moyo. Akamgeukia bwana yake.

"Na wewe ulijua?"

Paulin aliangalia viatu vyake.

Emerance hakuwa na muda wa machozi. Alimwinamisha Mukamugema, akamfunga ngozi, akamwamuru amwite mwanawe arudi. Mukamugema aliita kwa sauti ya kukwaruza, mara moja, mara mbili. Harufu ya maziwa ikapita mbele ya nyuso zao, na yule mama akapinda chini ya uzito ambao wengine hawakuuona. Nshobole akaweza kunyoosha mgongo.

"Atabaki hapa," Emerance alisema. "Lakini jina yake isisemwe tena kwako. Akiitwa, atakuja."

Mwezi uliofuata damu haikuja, na wiki mbili baadaye kipimo kikasema ndiyo. Nshobole alicheka mpaka majirani wakatoka nje. Akamsamehe Paulin, ujinga, lakini siku kama ile nani asingesamehe?

Jumapili moja alasiri Paulin alirudi kutoka Munigi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Nshobole na kumwekea mkono tumboni.

"Mama amechoka," alisema polepole. "Hawezi tena hata kusimama. Anaomba apumzike. Nimemuahidi."

"Umemuahidi nini, Paulin?"

Nshobole alimsukuma mabega kwa mikono miwili, lakini Paulin alikuwa ameshaliinamia lile tumbo la wiki saba, mdomo karibu na nguo.

"Munezero," aliita.

Mtoto mdogo kama punje ya haragwe hana mguu wa kupigia teke. Nshobole akahisi teke.