Memori Iliyosahau

Saa tatu asubuhi. Matisi, Kitale.

Wakhungu, mkubwa wa genge, alifunga komeo la mlango wa nyuma wa kibanda cha simu cha Linah. Akachora ramani kwenye katoni.

"Duka la pembejeo, Bungoma. Wiki jana tulipolivamia usiku, kamera ilimnasa Bethwel uso mzima. Polisi wanazifuata hizo picha leo saa tisa. Linah, zinakaa wapi?"

"Kwa kompyuta ya ofisi."

"Wapi ndani yake?"

Linah hakujua. Kozi ya kompyuta alisoma, lakini siku mwalimu alipofundisha data hukaa wapi, yeye alikuwa nje akipiga soga. Akatumia neno la wateja wake wa simu.

"Memori. Si hata kwa simu picha ziko kwa memori?"

"Profesa!" Wakhungu akacheka.

Bethwel, mdogo wake Linah, hakucheka. "Na ikikataa?"

"Ikikataa, unashuka Chwele, unapitia Cheptais, unaingia Uganda. Ikikubali, unaenda kwa mama yenu Naitiri, unavuna mahindi."

Saa saba na robo. Bungoma.

Wakhungu alizua zogo kwenye kaunta: ati aliuziwa mbegu feki. Wauzaji wote wakamzunguka. Linah akapenya ofisini, bisibisi mkononi. Akafungua kompyuta. Vijiti viwili vyembamba kwenye bodi. Hivyo aliwahi kusikia vikiitwa memori. Chini yake, kisanduku cha chuma chenye waya. Mkono ukasita hapo. Ukarudi juu.

Aking'oa vijiti, skrini ikafa.

Dakika nne. Wakatoka.

Saa nane. Barabara ya Chwele.

Wakhungu aliendesha, Bethwel kando yake. Kiti cha nyuma, Linah alimwandikia Jepkosgei aliyesoma naye: memori ya kompyuta ikitolewa, picha hubaki nayo?

Jibu likaja mbio. *Wewe! Hiyo ni sufuria tu. Umeme ukienda, inabaki tupu. Ghala ni diski, kile kisanduku cha chuma. Si tulifundishwa?*

Masikio yakamwaka moto.

Njia panda. Wakhungu akapunguza mwendo. "Profesa, imekubali?"

Neno moja lingempeleka Bethwel Uganda. Lakini lingetamkwa hapa, mbele ya Wakhungu na kicheko chake, mbele ya mdogo wake aliyekuwa amegeuka akimtazama kwa imani.

"Imekubali."

"Dada, wewe ni moto bana!"

Gari likaelekea Naitiri.

Saa kumi na mbili jioni. Matisi.

Mama alipiga simu.

"Polisi wamemtoa Bethwel shambani. Wamemwonyesha picha, uso wake kabisa. Anakataa."

"Anakataa nini, Mama?"

"Ati si za kweli. Ati za kweli ulizitoa wewe, na wewe umesoma, huwezi kosea. Sasa wananiuliza unaishi wapi."