Darasa Lililoitikia Ndiyo

Kila asubuhi mwalimu mpya wa hisabati alifuta ubao, akaandika mada, akaieleza kwa sauti nzuri, kisha akauliza, "Tumeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Aliyeanzisha mwitikio alikuwa msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa Kiherehere na wenzake. Hakuliona jina hilo kuwa tusi. Mwitikio wenyewe darasa lilikuwa limeurithi, kama lilivyorithi madawati, na hakuna aliyewahi kuuchunguza.

Mwalimu aliamini kwamba mtaala ni mfululizo wa mada, na kazi yake ni kuumaliza. Aliifikia mada ya asilimia kabla ya walimu wenzake, akapongezwa ofisini.

Ndipo mwalimu mkuu, mama asiyepoteza maneno, akaja kuketi nyuma. Wote walijua kwamba somo lisipomridhisha, mwalimu huyo kijana angeondolewa, na hapakuwa na mwingine wa kufundisha hisabati.

"Nani atajumlisha nusu na theluthi?" akauliza mama.

Hakuna mkono ulioinuka. Mwalimu akamtazama Kiherehere kwa macho ya kuomba. Msichana akaenda ubaoni, akaandika mbili juu ya tano.

"Leo betri ya Kiherehere imekwisha," mtu akanong'ona.

Mwalimu aliitazama chaki mkononi mwake kana kwamba amekabidhiwa kwa makosa. "Lakini hii tuliimaliza! Mlisema mmeelewa!"

Kiherehere angeweza kunyamaza, kama wengine.

"Samahani, mwalimu. Tulikuwa tunaitikia tu. Mimi ndiye ninayeanzisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka, mwalimu. Halafu ulikuwa unafurahi."

Mama akasimama.

"Mtaala umeumaliza wewe, mwanangu. Hawa hawajauanza."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Rudi nyuma."

"Mpaka wapi?"

"Waulize wao. Mimi sikuwepo."

Kesho yake mwalimu alikunja karatasi sehemu sita sawa mbele yao, akaeleza polepole, akauliza kwa mazoea, "Tumeelewa?"

Kiherehere akasema, "Bado, mwalimu."

Akaeleza tena, na tena. Muhula ule hawakuifikia asilimia, na ofisini hakupongezwa. Ila mama aliporudi, mikono iliinuka, naye kijana akabaki.

"Mtaala ni kile kinachobaki vichwani mwao wewe ukishatoka darasani," mama alimwambia mlangoni. Akawageukia wanafunzi. "Nanyi, anayesema ameelewa ilhali hajaelewa, hamsaidii mwalimu. Anamfukuza."

Hakuna aliyeitikia.