Sanda na Kibati cha Bomba la Moshi

Je, umewahi kuutazama moto wa buluu unaocheza juu ya makaa, ukadhani hauna neno kwa kuwa ni mzuri? Mjukuu wangu Sanda aliutazama kila siku majira yale ya baridi. Akitoka shule alipasua kuni, akateka maji kisimani, akasonga ugali wa mahindi, kisha akachochea jiko letu la matofali, lile lenye kitanda juu yake.

Baba yake, Gavril, alikuwa amesema, "Kuni zikiisha kabla ya Pasaka, narudi Italia kubeba zege." Tangu hapo Sanda akawa mlinzi mkali wa rundo la kuni. Mdogo wake, Ilinca, alipotupia gogo motoni, Sanda alimchapa kwa fimbo ya kuchochea hadi mkono ukavimba.

"Mlafi wa joto we! Vaa soksi."

"Na wewe bahili, hata kamasi zako unazitunza," Ilinca akajibu huku akilia. Akamrushia kiatu, kikampasua mdomo.

Alasiri moja upepo ulipiga mapaa kama unataka kuyang'oa. Nilikuwa zizini nikikamua. Ndani, Sanda alihesabu joto linalopotelea kwenye bomba la moshi kuwa ni kuni zinazoibwa. Kwetu bomba hilo lina kibati cha kusukuma ili kuliziba, joto lisitoke. Bomba huzibwa makaa yakishabaki majivu, bila hata ulimi mmoja wa buluu. Sanda hakungoja. Alikisukuma kibati chote, akampandisha Ilinca kitandani, akaziba mlango kwa magunia.

Gavril aliporudi alibisha hodi, hakuna aliyefungua. Akachungulia dirishani, akaona kichwa cha Ilinca kinaning'inia. Nilisikia vioo vikilia chini ya shoka, kisha mlango ukapasuka. Sanda alimrukia akipepesuka kama mlevi, akamng'ata mkono hadi damu.

"Usivunje, Baba! Joto linatoka!"

Gavril alimtupa nje kwenye theluji. Akamburuta Ilinca kwa miguu, akampiga makofi ya mashavu, moja baada ya jingine, mpaka mtoto akatapika na kuvuta pumzi.

Tulipokwisha kuwafunika kwa blanketi kwa jirani, niliwaambia, "Makaa yenye moto wa buluu yana sumu isiyonuka. Ukiziba bomba, inabaki ndani na nyie. Kuni tunazibania kwa kuzianika tangu kiangazi, kwa kuziba nyufa za madirisha kwa matambara, na kwa kulala wote chumba kimoja. Bomba haliguswi moto ukiwa hai."

"Nimekuelewa, Bibi," Sanda akasema, meno yakigongana.

Gavril alikuwa akifunga mkono wake kwa kitambaa. "Mwanangu, nusura umuue mdogo wako. Kisa kuni?"

Sanda alilamba mdomo uliopasuka.

"Si kuni," akasema. "Nilitaka ukae, Baba. Nilitaka usiende."