Vuta, Usipulize

Kila mwaka, mji wao ulikuwa na siku moja ambayo magari yalikaa nyumbani na watu wakakimbia barabarani. Yalikuwa mashindano ya riadha, ila hayakufanyika uwanjani. Mchanga wa kurukia ulimwagwa mbele ya posta. Tufe lilitupwa kwenye maegesho ya sokoni. Mbio zenyewe zilipita barabara kuu, na watu walishangilia kutoka madirishani.

Aliyechora mistari ya mbio hizo walimwita Fundi Rangi. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kupaka alama za barabarani, lakini mistari ya mashindano aliichora kwa chokaa, ili ioshwe kwa urahisi. Alikuwa na jicho kali. Mstari ukipinda kidogo tu, aliufuta akaanza upya. Wenzake walimtania kwamba hata kitandani analala kwa kufuata kamba.

Mwaka huu moyo wake ulikuwa mzito. Binti yake alitaka kukimbia, naye alimkatalia.

Binti huyo walimpa jina la Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na pumu. Mwaka jana, katikati ya mbio za mita mia nne, kifua kilimbana, akaanguka kwenye mstari aliouchora baba yake mwenyewe. Fundi Rangi alimbeba mbiombio hadi hospitali, na njia nzima Chiriku hakusema neno. Ukimya ule ulimtisha baba kuliko kitu chochote.

Jioni moja Fundi Rangi alirudi kutoka kazini. Chiriku alikuwa akimsubiri.

"Baba, kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha."

"Nilishasema hapana."

"Lakini dawa ninayo!"

"Hata mwaka jana ulikuwa nayo. Ilikusaidia nini?"

Chiriku akainamisha kichwa. Mama yake aliweka sufuria chini.

"Unawachorea njia watoto wa watu wote," alisema kwa upole. "Wa kwako ndiye unayemfungia mlango."

Maneno yale yalimchoma Fundi Rangi. Alivua ovaroli yake ya kazi, akaikung'uta pale pale ndani. Vumbi jeupe la chokaa likatanda chumbani. Chiriku akakohoa. Akakohoa tena, na kifua kikaanza kulia filimbi.

"Lete dawa ya kupuliza!" mama alipaza sauti.

Baba akainyakua pampu rafuni, akamkabidhi. "Puliza, mwanangu! Puliza!"

Chiriku akabonyeza pampu mdomoni, kisha akapuliza kwa nguvu zake zote, kama mtu anayezima mshumaa. Ukungu mwembamba ukatoka mbele ya uso wake. Dawa yote ikaenda hewani.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati. Alikuwa amesikia kikohozi kupitia ukutani.

"Chiriku, unafanya nini?"

"Na... puliza."

"Nani kakwambia upulize?"

Baba na mama walitazamana.

"Si ndiyo dawa ya kupuliza?" aliuliza baba. "Ndivyo tunavyoiita."

Muuguzi alichukua kiti, akakiweka nje penye hewa safi, akamkalisha Chiriku wima.

"Usiogope. Tikisa pampu. Toa pumzi yote kwanza. Sasa izungushie midomo, pasipite hewa. Bonyeza, na papo hapo uvute. Taratibu, mpaka ndani kabisa. Bana pumzi, mimi nahesabu mpaka kumi."

Alihesabu. Wakapumzika kidogo, wakarudia. Polepole filimbi ikafifia.

"Kumbe ina ladha mbaya hivi!" alisema Chiriku. "Jamani, mbona hamkuniambia? Na koo linawasha, na..."

"Huyo amerudi," mama alisema, akicheka huku akifuta machozi.

Baba hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, mikono kichwani.

"Miaka miwili namwambia apulize," alisema. "Mwaka jana alipoanguka, nilimpigia kelele apulize. Mimi mwenyewe."

"Baba Chiriku, neno limetudanganya sote," alisema muuguzi. "Hata sisi zahanati tunasema dawa ya kupuliza. Tulipompa, tulipaswa kumwambia atuonyeshe anavyoitumia. Kuanzia leo iiteni dawa ya kuvuta. Na hiyo ovaroli ivue nje, uikung'ute mbali na mlango. Chokaa ndiyo iliyoichokoza pumu leo."

"Kwa hiyo kukimbia ndiyo basi?" aliuliza Chiriku.

"Nani kasema? Wenye pumu wengi wanakimbia. Ila daktari akupime kwanza. Na nyote sikilizeni: akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, msisubiri. Hospitali moja kwa moja."

"Huyu akishindwa kumaliza sentensi, mtaa mzima utajua," alisema mama.

Kesho yake walikwenda kwa daktari, baba akiwa mbele. Daktari alimpima Chiriku, akampa dawa nyingine ya kuvuta kila siku, hata anapojisikia mzima, na kumwambia asukutue mdomo kila baada ya kuitumia. Ile ya kwanza aivute pia kabla ya mazoezi, na asianze kukimbia kabla ya kupasha mwili moto. Kisha akasema anaweza kukimbia. Siku hiyo hiyo Chiriku alijiandikisha. Fundi Rangi alipigilia msumari nje ya nyumba, na ovaroli haikuingia ndani tena.

Siku ya mashindano, alisimama penye mstari wa mwisho akiwa na pampu ya akiba mfukoni. Kwa mbali alimwona binti yake akijitenga na wenzake, akitikisa, akivuta, akibana pumzi. Kisha mlio wa kuanza ukasikika.

Alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini Chiriku alipoipita posta, uoga ulimshinda.

"Vuta, mwanangu! Vuta!"

"Mzee, hizi ni mbio," alisema mtu wa pembeni. "Kuvuta kamba ni mchana."

Watu wakaangua kicheko. Fundi Rangi hakuwasikia.

Chiriku alimaliza wa nne. Aliinama, mikono magotini. Baba yake alipiga magoti kwenye chokaa yake mwenyewe, akaweka sikio mgongoni mwa mtoto, kama alivyozoea kufanya akiugua. Hakusikia filimbi. Alisikia pumzi nzito ya mtu aliyekimbia, basi.

"Baba, umemwona yule aliyetaka kuingia kwenye njia yangu? Na mwalimu aliniambia nisianze kwa kasi, lakini pale posta nikasema hapana, hapa lazima..."

Aliongea mpaka pumzi ikamwishia. Akavuta nyingine, akaendelea.